Si Hapa, Basi Wapi? Lugha ya Wakazi Wanaodai Vyoo vya Umma

Mama yangu mdogo huuza unga na samaki wakavu katika soko moja la mji wetu wa Lubumbashi. Huondoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi jua likizama. Wakati wa likizo nilikuwa nikimsaidia kubeba mizigo. Siku ya kwanza niliona kwamba chupa ya maji niliyomletea asubuhi ilikuwa bado imejaa saa 8 mchana, na joto la mwezi wa kumi lilikuwa kali. Nikamwuliza kwa nini hanywi. Akanijibu huku akiendelea kupima unga: “Mutoto, nikikunywa mayi, nitaenda fasi gani?”

Nyuma yake kulikuwa na ukuta, na juu yake mtu aliandika kwa rangi nyekundu: DÉFENSE D’URINER ICI. Chini yake yaliongezwa maneno ya kutishia faini.

Kama mwanafunzi wa isimu nilibaki na maandishi hayo mawili kichwani, moja la mdomo na moja la ukutani, kwa siku nyingi. Mama mdogo hakutaja jambo lenyewe. Alitumia kitenzi “kwenda” bila kusema kwenda kufanya nini, na kila mtu aliyekuwa karibu alielewa. Ukuta ulitaja jambo lenyewe kwa kitenzi chake kamili, bila haya. Anayehitaji huduma anaficha neno, na anayekataza analitangaza. Makala hii inataka kueleza tofauti hiyo inatoka wapi, inamgharimu nani, na jinsi wakazi wa miji mitatu mikubwa walivyoigeuza walipodai vyoo vya umma. Hoja yangu ni moja: katika madai ya aina hii, kazi ya kwanza ya wakazi ni kulipata neno linaloweza kusemwa hadharani, na matofali huja baada ya neno.

Adabu na bei yake

Lugha zote ninazozifahamu zina njia ya kuzunguka jambo hili. Katika isimu tunaita njia hiyo tafsida. Kiswahili kina ghala kubwa: kwenda haja, haja ndogo na haja kubwa, kujisaidia, kwenda uani, kwenda maliwatoni, kwenda msalani. Neno “haja” lilitoka katika Kiarabu, na wasemaji wa Kifaransa nao wana petit besoin na grand besoin, kwa mpangilio uleule wa dogo na kubwa. “Msala” katika kamusi ni mkeka wa kusalia, tena ni choo. Neno la mahali pa heshima likaazimwa kufunika mahali pa siri. Neno hilo lilisafiri mpaka bara: majirani zetu wa Rwanda husema umusarani. Wana pia neno lao wenyewe, ubwiherero, kutokana na kitenzi kwiherera, yaani kujitenga na watu. Abiria wa mabasi ya safari ndefu nchini Tanzania wakiomba dereva asimame porini husema wanakwenda “kuchimba dawa.”

Tafsida ina tabia moja ambayo walimu wetu wa semantiki hutukumbusha kila mwaka: huchakaa. Likitumika sana, neno la kufunika hushika harufu ya kile lilichofunika, na wasemaji hutafuta jingine. Kifaransa toilette kilikuwa kitambaa kidogo, kisha meza ya kujipambia, kisha kujisafisha, na mwisho chumba tunachokijua. Latrine hutoka katika neno la Kilatini la mahali pa kuogea. Kwetu, “choo” ni neno la wazi mno kwa wengi, kwa sababu ni jina la mahali na pia jina la kile kinachoachwa pale. Muuguzi humwuliza mgonjwa kama amepata choo. Basi watu hukimbilia “msalani,” na kijana wa mjini hukimbilia “W.C.” au “twaleti.”

Hakuna ubaya katika hayo. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya adabu, walieleza kwamba msemaji hulinda uso wake na uso wa anayesikia, na tafsida ni moja ya ngao zake. Mezani, kanisani, mbele ya wakwe, ngao hiyo inafanya kazi nzuri. Shida huanza pale jambo linapotoka nyumbani na kuwa la mji. Nyumbani, “nakwenda uani” inatosha kwa sababu ua upo. Sokoni ua haupo. Mama anayesema “nitaenda fasi gani?” anaeleweka na jirani yake wa meza, lakini sentensi hiyo haiwezi kuandikwa katika barua ya kwenda komini, wala kuingia katika bajeti. Mkuu wa ofisi hawezi kutenga fedha kwa ajili ya kitenzi kisicho na mahali.

Ukuta unasema nini

Tuurudie ukuta. Tangu Rodrigue Landry na Richard Bourhis waandike juu ya mandhari-lugha mwaka 1997, wanaisimu wengi wamezoea kusoma mabango na maandishi ya mitaani kama data. Maandishi ya kukataza kukojoa ni data nzuri, kwa sababu yako karibu kila mji. Kwetu mara nyingi ni ya Kifaransa. Kinshasa utakuta kitenzi cha Kilingala kosuba kimepakwa ukutani. Dar es Salaam na Nairobi utasoma “Usikojoe hapa.” Hakuna anayeandika “Usijisaidie hapa, tafadhali.” Mwenye ukuta hatumii tafsida. Anataka aeleweke mara moja, na hamhesabu anayesoma kuwa mtu wa kuheshimiwa.

Maandishi hayo yana mambo mawili ya kuangaliwa na mwanaisimu.

La kwanza ni nani anayesemeshwa. Katazo hilo linamfikiria mwanaume aliyesimama akielekea ukuta. Hata Kinyarwanda kina tafsida kwihagarika, kitenzi ambacho ndani yake mna wazo la kusimama. Mwanamke hayumo katika picha hiyo. Kwa hiyo hata wakati mji unakaripia, humkaripia mwanaume peke yake. Mwanamke hakemewi wala hasaidiwi. Ukimwona mama mdogo kwa macho ya ukuta, humwoni.

La pili ni neno “hapa,” au ici. Tunafundishwa kwamba vionyeshi vya mahali huishi kwa jozi: anayesema “hapa” ameacha nafasi ya “pale.” Tena, katika nadharia ya matendo-usemi aliyoiendeleza John Searle baada ya J. L. Austin, amri ina masharti yake. Mmoja wapo ni kwamba anayeamriwa aweze kutekeleza. Kumwambia mtu asikojoe hapa kunachukulia kwamba kuna mahali pengine anapoweza kwenda. Nilitembea kutoka soko lile mpaka njia ya chuo nikisoma kuta. Katazo nilikutana nalo mara nyingi. Mshale wa kuonyesha choo kilipo sikuuona hata mara moja. Yaani kuta zote zilisema “si hapa,” na hakuna hata moja iliyosema “ni pale.”

Sasa jibu la mama mdogo linaonekana kwa sura mpya. “Nitaenda fasi gani?” ni swali lile lile ambalo ukuta umelikwepa. Amri ilimwachia jozi isiyokamilika, naye anauliza nusu iliyobaki. Wakazi wanaodai vyoo vya umma, kokote waliko, wanafanya jambo hili: wanaulazimisha mji kumaliza sentensi yake.

London: jambo lisilotajika

Mwaka 1851, katika Maonyesho Makubwa ya London, fundi George Jennings aliweka vyoo vya kulipia senti moja, na watu zaidi ya 827,000 wakavitumia. Kutoka hapo Waingereza walipata tafsida yao mashuhuri, kwenda “kutumia senti.” Lakini miaka 50 baadaye mitaa ya mji huo ilikuwa bado na mahali pa wanaume zaidi kuliko pa wanawake. Wanaume walikuwa na sehemu za kukojoa bure. Mwanamke maskini, kama sehemu ya kwenda ilikuwepo, alidaiwa senti.

Mwaka 1900 baraza la mtaa wa St Pancras lilijadili kujenga choo cha wanawake katika makutano ya barabara huko Camden. Mfano wa mbao uliwekwa mahali palipopendekezwa ili ionekane kama ungezuia njia. Madereva wa magari ya farasi waliugonga makusudi ili kuthibitisha kwamba unazuia. Wenye nyumba za karibu walilalamika kwamba thamani ya mali zao ingeshuka. Choo kilijengwa mwaka 1905, baada ya miaka mitano ya mabishano juu ya chumba kidogo kwenye kona moja.

Mmoja wa wajumbe wa baraza lile alikuwa mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Mwaka 1909 aliandika makala ya kutetea haki ya wanawake kupiga kura na kuingia katika mabaraza, na akaipa kichwa kinachosema kwamba sababu yake ni ile “isiyotajika.” Kichwa hicho ni somo zima la isimujamii. Adabu ya zama zile ilikataza jambo hili lisemwe mbele ya wanawake, na wanawake hawakuwemo katika baraza. Wanaume waliokuwemo walikuwa na neno lakini hawakuwa na shida. Wanawake walikuwa na shida lakini hawakuruhusiwa neno. Tafsida, iliyoanza kama heshima kwa mwanamke, ikawa sababu ya kumnyima huduma.

Amsterdam: kosa lina jina, haki itafutiwe jina

Kiholanzi kina kitenzi wildplassen. Kimeundwa kwa maneno mawili: kuwa mwitu, na kukojoa. Ni jina la kosa la kujisaidia barabarani. Tazama uundaji wake: lugha imemweka mkosaji porini kabla hata ya kumfikisha mbele ya hakimu.

Januari 1970 kikundi cha wanawake kilichoitwa Dolle Mina kilikwenda kwenye sehemu za wanaume za kukojolea mitaani Amsterdam na kuzifunga kwa riboni za rangi ya waridi. Walitaka wanaume waonje kwa saa chache kile wanawake walichokuwa nacho kila siku. Walidai plasrecht. Neno hilo limeundwa kwa mzizi uleule wa kukojoa, pamoja na neno haki. Mwanaisimu anaona mara moja walichofanya: kwenye mzizi uleule waliondoa umwitu na kubandika haki. Serikali ilikuwa na jina la kosa, wakazi wakaunda jina la haki kwa udongo uleule.

Zaidi ya miaka 40 baadaye swali lilikuwa bado wazi. Mwaka 2015 mwanamke kijana alipigwa faini kwa kujisaidia mtaani usiku baada ya baa kufungwa. Alikataa kulipa, na kesi ikasikilizwa mwaka 2017. Alijitetea kwamba hakukuwa na choo cha wanawake karibu. Hakimu alimwambia kwamba angeweza kutumia sehemu ya wanaume, ingawa si jambo la kupendeza. Wanawake wengi walijibu kwa picha: walijaribu kutumia sehemu zile za wazi zilizoundwa kwa mtu anayesimama, na kila picha ilionyesha kwamba haiwezekani. Sharti la Searle lilikuwa limevunjwa, na kamera ikalithibitisha.

Baadhi yao walijiita zeikwijven. Neno zeikwijf ni tusi kwa mwanamke mlalamishi, na mzizi wake ni kitenzi kisicho na adabu chenye maana mbili: kukojoa, na kulalamika mfululizo. Walilichukua tusi lililotumika kuwanyamazisha na kulifanya jina la madai, kwani walikuwa kweli wanalalamika juu ya kukojoa. Mwaka 2024 jiji lilitangaza euro milioni 4 kwa ajili ya kuongeza vyoo vya umma. Kutoka riboni za 1970 mpaka tangazo hilo ni miaka 54.

Mumbai: mlango unaouliza

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na soko la mama mdogo, kwa sababu unahusu wanawake wanaopata riziki mitaani.

Katika miji mingi ya India vyoo vya kulipia vinajulikana kwa jina Sulabh, kutokana na shirika lililoanzishwa na Bindeshwar Pathak mwaka 1970. Sulabh maana yake ni kitu rahisi kupatikana. Chumba chenyewe kwa Kihindi huitwa shauchalaya, neno la Kisanskriti lenye maana ya nyumba ya usafi. Majina yote mawili ni mazuri. Lakini mwaka 2011 wanawake wa mitaa ya Mumbai, wakiungana na mashirika zaidi ya 30 ya wananchi, walianza kukagua vyoo hivyo, na walichokiona hakikufanana na majina. Wanaume walikojoa bure. Wanawake walitozwa, hata kwa haja ndogo. Vyoo vingi vilifungwa usiku. Vingine havikuwa na maji wala taa.

Maelezo ya watunzaji juu ya malipo yanastahili kusomwa taratibu. Mwanaume anayekwenda kukojoa huonekana: anasimama kwenye sehemu ya wazi, haitumii maji mengi, na mtunzaji anajua alichofanya. Mwanamke huingia chumbani na kufunga mlango. Mtunzaji hawezi kujua ni haja ipi, kwa hiyo anatoza bei ya haja kubwa. Ili apate huduma bure, mwanamke angelazimika kumwambia mwanaume asiyemjua, mlangoni, mbele ya watu, anakwenda kufanya nini hasa. Adabu inamzuia, basi analipa. Hapa tafsida ina bei inayohesabika kwa rupia. Mchuuzi anayeingia mara nne kwa siku hulipa mara nne, na asiyetaka kulipa hufanya kama mama mdogo: hanywi maji. Madaktari wanatueleza kwamba kubana mkojo na kukaa na kiu mara kwa mara huongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo.

Harakati hizo zilijulikana kwa jina la Kiingereza Right to Pee, yaani Haki ya Kukojoa. Walikusanya saini 50,000 hivi na kupeleka madai yao kwenye manispaa: vyoo vya wanawake vya bure, salama na safi. Mumtaz Shaikh, mmoja wa viongozi wake, alitajwa na BBC mwaka 2015 katika orodha ya wanawake 100 wa mwaka. Desemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Bombay, katika shauri la raia lililohusu vyoo vya wanawake, iliamuru serikali za miji ya jimbo la Maharashtra zijenge na kutunza vyoo hivyo, ikiegemea haki ya kuishi kwa heshima iliyo katika katiba.

Kwa nini jina la Kiingereza katika mji wa Kimarathi na Kihindi? Sababu moja bila shaka ni magazeti. Lakini iko nyingine ambayo wasomaji wa jarida hili wanaijua kwa ulimi wao wenyewe. Jean-Marc Dewaele na Catherine Caldwell-Harris wameonyesha, kwa nyakati na njia tofauti, kwamba maneno ya mwiko huuma zaidi katika lugha ya kwanza kuliko katika lugha tuliyojifunza baadaye. Ndiyo maana sisi tunatamka uriner mbele ya profesa pasipo shida, na tunameza mate kabla ya kusema “kukojoa.” Lugha ya pili inatoa ujasiri. Lakini ujasiri huo una kasoro yake: ukibaki katika lugha ya shule, mama wa sokoni habaki mwenye hoja, anabaki mwenye kuhojiwa.

Wanachofanana

Ukiiweka miji hiyo mitatu pamoja unaona hatua zinazorudiwa. Kwanza, wakazi wanahesabu: sehemu ngapi za wanaume, ngapi za wanawake, nani analipa, mlango unafungwa saa ngapi. Pili, wanaonyesha kwa macho kile kisichosemeka, kwa riboni au kwa picha. Tatu, wanalipa dai jina fupi lenye neno “haki” ndani yake au nyuma yake. Nne, wanalipeleka jina hilo pale linapoweza kuandikwa: barazani, mahakamani, katika bajeti. Hatua ya tatu ni ya lugha, na bila hiyo ya nne haifikiki, kwa sababu mwandishi wa kikao hawezi kuandika kumbukumbu za jambo ambalo wajumbe wanalizunguka.

Rafiki yangu mmoja wa idara ya historia aliposoma rasimu hii alinipinga. Alisema mji hukosa vyoo kwa kukosa fedha, maji na mabomba. Neno haliwezi kuchimba shimo. Ni kweli. Choo kisicho na maji, mtunzaji na ufunguo hugeuka kuwa shida mpya, na mitaa mingi ina mabaki ya vyoo vya namna hiyo. Lakini London ya 1900 ilikuwa na fedha, na Amsterdam ya 2015 pia. Kilichochelewa huko kilikuwa kukubali kusema kwamba mwanamke aliye mtaani ana mwili. Fedha hufuata kile kilichoandikwa.

Na sisi?

Tutazame maandiko yetu. Kifungu cha 48 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 kinahakikisha haki ya makao yanayofaa, haki ya kupata maji ya kunywa na haki ya kupata umeme. Mambo matatu yametajwa kwa majina. Choo hakikutajwa. Mtu anaweza kukitafuta ndani ya “makao,” au ndani ya haki ya afya katika kifungu cha 47, lakini itambidi afafanue. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu, na mwaka 2013 likaiweka tarehe 19 Novemba kuwa Siku ya Choo Duniani. Angalau siku hiyo imepewa jina lake bila kificho.

Katika ofisi zetu neno linalotumika ni assainissement. Ni neno pana: lina takataka, mifereji, maji ya mvua, na pembeni kabisa, choo. Kwa Kiswahili tunalitafsiri “usafi wa mazingira.” Nalo pia, kwa maoni yangu, ni tafsida, ingawa imevaa suti. Mradi wa usafi wa mazingira unaweza kuanza na kumalizika, ripoti ikatolewa na picha zikapigwa, bila mama mmoja kupata mlango wa kufunga. Hakuna atakayekuwa amesema uongo, kwa sababu neno halikuahidi choo.

Sipendekezi tuache adabu. Nisingependa kusikia kitenzi cha ukutani mezani kwa bibi yangu. Ninachopendekeza ni tutofautishe sajili. Neno “choo” lipo, linajulikana kutoka Lamu mpaka Kolwezi, halina tusi ndani yake, na lina ngeli, wingi na vivumishi vyote vinavyohitajika katika barua rasmi: choo cha umma, vyoo vya wanawake, choo chenye maji. Mtu anaweza kuweka saini yake chini ya “Tunadai vyoo viwili sokoni, vyenye maji na mlango unaofungwa.” Hawezi kuiweka chini ya “Tunaomba tufikiriwe katika suala lile.”

Sisi wa kitivo cha lugha hatujengi. Lakini kuna kazi ambayo ni ya kwetu na haihitaji fedha. Wanafunzi wa isimujamii wanaweza, katika zoezi la mandhari-lugha, kupiga picha za makatazo yote katika komini moja, kuandika lugha na kitenzi cha kila moja, kisha kupima umbali kutoka kila katazo mpaka choo kilicho wazi kwa kila mtu. Ramani hiyo ingeonyesha kila “hapa” isiyo na “pale” yake. Wanafunzi wa tafsiri wanaweza kukaa na akina mama wa sokoni na kuandika dai lao kwa Kiswahili chao kwanza, kisha kwa Kifaransa cha ofisi, wakichunga kwamba “choo” hakigeuki kuwa assainissement njiani.

Nilijaribu kidogo. Jioni moja nilimsomea mama mdogo rasimu ya barua ambayo wauzaji wa safu yake walitaka kuipeleka kwa wasimamizi wa soko. Nilikuwa nimeandika, kwa adabu ya mwanafunzi, “mahali pa kujisaidia.” Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake, akasema: “Andika choo. Wakisoma ‘kujisaidia’ watasema tunaomba musaada.”

Sikuwahi kuona uchambuzi mzuri kuliko huo wa kitenzi kirejeshi “kujisaidia.” Nilikifuta, nikaandika “choo.” Barua ilipelekwa ikiwa na saini na alama za vidole za wauzaji wa safu nzima. Jibu halijaja. Asubuhi mama mdogo bado anaondoka na chupa ya maji, na jioni bado anairudisha imejaa.